Eda Haikukataza Oili

Sufuria ile bado ninayo. Imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, pana kuliko zote nilizonazo, na hakuna mtu anayepikia humo. Wageni wakiuliza mbona chombo kizuri namna hiyo kinakaa bure, nawaambia kimeingia oili. Wanakitazama, wanaona kinang'aa, wanadhani nawatania.

Mume wangu aliniomba sufuria hiyo Jumapili moja asubuhi. Tulikuwa tunakaa Ujiji kwa mama yake, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua wa matete, na gari lake lilikuwa limesimama uani. Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, la otomatiki, lililofika Kigoma kwa treni wakati magari ya aina hiyo yalikuwa bado yanachekwa. Madereva wa malori walimwambia, "Bwana, umenunua gari lisilo na klachi? Hilo la wake zetu." Akacheka nao na kuendelea na kazi zake.

Kazi yake ilikuwa kubeba samaki kutoka Bangwe kuwapeleka sokoni Mwanga. Ilipofika miaka ile ya wakimbizi, boti zikawa zinaingia kutoka Kongo zimejaa watu mpaka maji yanagusa ukingo, naye akawa anaacha samaki anabeba watu. Aliwabeba wasioweza kutembea: wazee, wajawazito, wenye kuhara. Sisemi haya ili nimpambe. Mimi ndiye niliyekuwa nasugua viti jioni, na nilikuwa nasugua huku nalalamika, na maneno niliyomwambia kuhusu watu wale siwezi kuyaandika hapa bila aibu. Gari lile nilikuwa silipendi. Nililiita mke mwenzangu.

Jumapili hiyo alikuwa amelala kifudifudi anachungulia chini. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa likitiwa gia linasitasita kwanza, injini inanguruma, halafu linaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kwenye mlima lilikuwa linanguruma tu bila kwenda. Alisema oili ya giaboksi imechoka, ataimwaga aweke nyingine.

"Nipe ile sufuria pana," akaniambia.

"Ipi?"

"Ya pilau. Nikingie oili."

"Sufuria yangu haijawahi kulala chini ya gari na haitalala leo."

"Nitaisugua."

"Kasugue ya mama yako."

Mama yake alikuwa barazani anasikia yote. Mume wangu akainuka, akajipangusa mchanga magotini, akasema, "Basi, nitaazima kwa watu." Hakuazima. Siku ya kumi baada ya hapo homa ikampanda mchana, na alfajiri ya tatu tukamzika. Oili ikabaki ndani ya gari, na neno langu likabaki pale lilipo.

Nikakaa eda.

Miezi minne na siku kumi ndani ya ua ule. Sikutoka, sikupaka manukato wala hina, na mwanamume asiye ndugu hakuniona. Watoto wangu wawili niliwapeleka kwa mama yangu Mwandiga, nilikozaliwa na kusoma mpaka darasa la saba. Nikabaki mimi na mama mkwe, na gari katikati yetu. Asubuhi lilikuwa linatupa kivuli, mchana linang'aa mpaka macho yanauma. Nilikuwa nalizunguka kwenda chooni na kulizunguka kurudi.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na mnunuzi kutoka Mwandiga. Mimi niliingia ndani nikasimama nyuma ya pazia. Mnunuzi akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" kisha akawasha gari, akatia gia. Likanguruma. Likaruka nusu hatua likakaa.

"Giaboksi imekufa," mnunuzi akasema. "Mimi nachukua kama chuma. Injini nitaitoa, milango nitaiuza, basi."

"Chukua," shemeji akasema. "Siku mjane anatoka eda, njoo na kamba."

Nikasema kutoka nyuma ya pazia, "Shemeji, mbona hujaniuliza?"

"Nakuuliza nini, shemeji? Unataka kukaa na maiti mbili?"

Mnunuzi akacheka, kisha akaona amecheka mahali pasipofaa, akakohoa.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msimamizi wa mali ya watoto, na aliogopa gari lile litaoza uani kisha yeye alaumiwe. Lakini mimi nilikuwa nauza mawese. Nilikuwa nayatoa Mwandiga kwa mama yangu, madumu mawili kwa safari, moja kichwani na moja mkononi, mpaka soko la Mwanga. Usiku wa mazishi, kabla machozi hayajakauka, nilikuwa nimeshaanza kufikiri jinsi gari lile lingebeba mapipa. Nilijichukia kwa kufikiri hivyo, na bado niliendelea kufikiri. Sikuwa na kitu kingine cha kuwalelea watoto wale. Likiondoka kwa kamba, ningerudi Mwandiga na kitambaa cha kichwa na habari za marehemu.

"Nipe mpaka siku ya kutoka," nikamwambia. "Likitembea lenyewe siku hiyo, linabaki. Lisipotembea, avute."

"Nani atalitengeneza? Wewe?"

Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu.

Jibu lilipita njiani siku chache baadaye likiita, "Fundi baiskeli! Fundi majiko!" Likasimama mlangoni kwetu. Mama mkwe akatoka. Nikamsikia mwanamume akitoa pole kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Alisema amechelewa kupata habari ya msiba. Alisema baba mwenye gari alimbeba mama yake kutoka kwenye boti, akamfikisha hospitali, hakutaka kitu. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kwao Uvira alikuwa fundi wa magari, baiskeli ni njaa tu, na kwamba asingependa kusimama sana njiani maana hana karatasi ya kukaa mjini na wenzake wameshapelekwa kambini.

Mama mkwe akamwambia mjane yuko edani. Akasema, "Njo hivyo, sitaingia." Akaenda kukaa upande wa nyuma, nje ya ua, chini ya kivuli cha matete yetu. Nikamfuata kwa ndani. Kati yetu palikuwa na matete tu. Chini yalikuwa yameliwa na mchwa, na nilichokiona cha mtu yule ni miguu iliyovaa makatambuga ya matairi.

Nikamweleza gari linavyofanya. Akasikiliza, hakunikatiza hata mara moja.

"Mama, marehemu alikuwa anapima oili namna gani?"

"Kila asubuhi. Akitoka kuswali anavuta kile kijiti cha giaboksi, anakipangusa, anakirudisha, anakitazama. Hakuruka siku."

"Mbele ya kuwasha injini, ao nyuma?"

"Kabla ya kuwasha. Akishapima ndiyo anawasha."

Makatambuga yakasogea kidogo mchangani.

"Mama, usikasirike. Hiyo njo kosa. Oili ya injini unapima ikiwa imezima. Ya giaboksi ya otomatiki unapima injini ikiwa inawaka, na iwe na moto. Ukizima, ile oili yote inashuka chini, kijiti kinakudanganya iko imejaa. Ukiwasha, inapanda mule ndani, njo unaona haipo. Gari ilikuwa na njaa siku nyingi. Huku kwenu wote wanapima vile, wamezoea ya malori."

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu aliendesha gari miaka ambayo yeye alikuwa bado anafukuza mbuzi, na kwamba aondoke na majiko yake. Akasema, "Aksanti, mama," akaondoka. Nikakaa pale chini nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukivuta kijiti kile asubuhi baada ya asubuhi, kwa uangalifu kama wa mtu anayepima dawa ya mtoto, na sasa nilikuwa naambiwa uangalifu wote ule ulikuwa wa bure.

Kesho yake makatambuga yalikuwa pale pale. Hakusema habari ya jana. Akaniuliza kama nina jembe.

Jeki ilikuwepo, lakini fundi alinikataza nisiitumie. Mchanga wetu wa Ujiji ni laini, jeki ingezama na gari lingenilalia. Alisema nichimbe shimo kutoka mbele, katikati ya magurudumu, urefu wa mtu na kina cha goti, nijiingize humo kwa mgongo. Magurudumu yabaki yamekanyaga ardhi, na kila moja niliwekee mawe.

Nikaanza kuchimba. Mama mkwe akatoka na birika lake la udhu, akasimama.

"Unachimba kaburi la pili uani kwangu?"

"Nachimba mahali pa kulala chini ya gari, mama."

"Mjane wa eda?"

"Ndiyo mimi huyo."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Shimo lilifanana na kaburi kweli. Nilikuwa naliona hata kabla hajasema. Nikaendelea kuchimba.

Habari zikamfikia shemeji. Akaja siku ya pili, akanikuta ndani ya shimo mpaka magotini, nguo yangu ya eda imejaa udongo.

"Shemeji, watu wanasema nini huko nje, unajua?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba mke wa marehemu amechanganyikiwa. Eda ni heshima, shemeji. Eda si gereji."

"Nimekatazwa kutoka, sijatoka. Nimekatazwa kujipamba, nitazame. Nimekatazwa kuposwa, na hapa nilipo atakayenitaka ana moyo wa chuma. Oili nani kaikataza?"

Akageuka kwa mama yake, aliyekuwa amefungua dirisha. "Mama, msikie."

"Namsikia," mama mkwe akasema. "Nimemtuma mtu kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza. Amesema mlango ukiwa umefungwa na nguo yake ikiwa nzima, mtu ana ruhusa ya kufanya kazi nyumbani kwake."

Sikujua kama ametuma mtu. Hakuwa ameniambia.

Siku ya kumwaga nilisimama jikoni mbele ya sufuria kwa muda. Beseni lilikuwepo, kuukuu, lingetosha. Nikachukua sufuria.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Aliiona, akajua ni ipi, mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Nami nikapita.

Nilijilaza shimoni nikajisogeza kwa mabega. Fundi alikuwa akinielekeza kwa sauti kupitia matete: tafuta chombo cha bati kama sinia kilichofungwa chini ya giaboksi, kina nati moja katikati kubwa kuliko nyingine. Spana yake alikuwa ameipenyeza chini ya ua. Nikaizungusha nati, haikutii. Nikaipiga kwa jiwe mara mbili. Ikalegea, na oili ikanishukia mkononi mpaka kwenye kiwiko kabla sijaisogeza sufuria vizuri.

"Iko na rangi gani, mama?"

"Nyeusi."

"Harufu?"

"Kama maharage yaliyoungua."

"Ngojea iishe. Usiharakishe."

Nikangoja nimelala chali ndani ya shimo lile, nikisikiliza ikidondoka ndani ya sufuria yangu. Ilikuwa nyeusi kama masizi. Mume wangu aliomba chombo cha kuikingia, na mimi nikamwambia akasugue ya mama yake. Nilisema kwa sauti, kwa mtu asiyekuwepo, "Haya, imelala chini ya gari." Nadhani fundi alisikia.

Ilipokwisha nikaipima kwa chupa ya soda, kama ninavyopima mawese. Chupa kumi na mbili na kidogo. Kisha nikafungua ile sinia ya bati, nati ndogo nyingi, moja baada ya nyingine. Ndani yake mlikuwa na sumaku mbili zimevaa tope la kijivu.

"Vunja kwa vidole," fundi akasema. "Unasikia vipande?"

Nikasugua. "Hakuna. Ni kama unga."

"Unga njo uzee tu. Ungesikia vipande, ningekuambia uite yule mtu na kamba yake."

Nikamsukumia sinia chini ya ua. Nikaona mikono yake ikiipokea, kidole kimoja hakina ukucha. Alikata gasketi mpya, ya kuzuia oili isivuje, kwa kuweka karatasi ngumu juu ya ukingo wa bati na kuigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, tok, tok, tok, mpaka karatasi ikakatika yenyewe kufuata umbo. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nasafisha chujio la giaboksi kwa mafuta ya taa. Kwa saa nzima tulifanya kazi bila kuonana na bila kusema, na tangu msiba sikuwa nimekaa saa nzima kifua kikiwa kimetulia hivyo.

Sinia ilipokwisha kufungwa tena na gasketi yake, oili mpya tulimtuma shemeji. Alisema atanunua, ili nione kwa macho yangu kwamba lililokufa limekufa. Akaleta dumu la lita tano, jekundu, limefungwa kwa kipande cha nailoni. Oili ya giaboksi kweli ni nyekundu. Fundi alisema sawa, tujaze.

Lakini mimi nilifungua nikanusa, na pua yangu ikakataa.

"Fundi, oili hii ina harufu ya shamba."

"Harufu ya shamba namna gani?"

"Ya mawese."

"Labda ni dumu, mama. Lilikuwa na mawese."

"Labda. Ngoja mpaka kesho."

Nimeuza mawese tangu nikiwa msichana. Najua kitu ambacho yeye hakukijua, pamoja na ufundi wake wote wa Uvira. Mawese yakipata baridi yanaganda. Kiangazi, asubuhi, tunayaanika juani ndipo yamiminike. Nikajaza chupa moja kutoka kwenye dumu lile, nikaitumbukiza ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, pale kwenye kona yenye kivuli, nikalala.

Asubuhi nikaitoa. Juu ilikuwa nyekundu safi. Chini palikuwa pamekaa ukungu wa rangi ya chungwa, mzito, umeganda kama uji uliopoa. Nikampelekea mama mkwe chupa mkononi. Yeye ndiye aliyenipokea sokoni nilipoolewa. Aliuza mawese kabla yangu. Aliiinua juani, akaigeuza.

"Nani kafanya hivi?"

"Sijui. Shemeji kanunua."

"Mawese wanayatia ndani ya chuma?" Alikuwa ametukanwa, niliona. "Mawese ya watu, yaliyokanyagwa na kuchemshwa, wanayachanganya na uchafu huu ili wadanganye mjane?"

Kama shemeji alijua au alidanganywa dukani, sikujua siku ile na sijui leo. Sitamsingizia. Lakini kama ningetia dumu lile, gari lingekufa kweli, na wote wangesema walijua tangu mwanzo.

Mama mkwe akavaa baibui lake. Tangu mazishi alikuwa hajavuka kizingiti cha ua ule, ingawa yeye hakukatazwa. Akaenda Mwanga. Akarudi alasiri amebeba makopo ya bati, yamefungwa kiwandani, ameyakumbatia kifuani.

"Muuza duka ananiambia, bibi, nikufungulie uone? Nikamwambia kafungue kinywa chako. Haya nafungua mwenyewe."

Tukajaza pamoja. Yeye alishika faneli kwenye tundu la kijiti, mimi nikamimina chupa kwa chupa, kumi na mbili na kidogo. Nyekundu kama mawese mapya, lakini nyepesi, na haina harufu ya shamba.

Fundi akasema niwashe, nikanyage breki, nipeleke gia moja moja nyuma na mbele, kila moja nihesabu mpaka tano. Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu kwa mara ya kwanza tangu afe. Kilikuwa bado na shimo la uzito wake. Mama mkwe alisimama kwenye dirisha la gari akihesabu kwa tasbihi, moja, mbili, tatu, na nilipofika kwenye gia ya kurudi nyuma gari likashtuka, akaruka akasema "Bismillahi!" kwa nguvu mpaka fundi akacheka nje ya ua. Sijui kama kulikuwa na kicheko ndani ya ua ule tangu msiba. Mimi nilicheka.

"Sasa, injini inawaka, imepata moto. Vuta kijiti," fundi akasema.

Mama mkwe akavuta, akakipangusa na kanga, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa chini sana ya alama.

"Unaona?" fundi akasema taratibu. "Hii njo njaa niliyokuambia. Tia chupa ingine."

Tulitia tatu. Ilipofika alamani, mama mkwe akakishika kijiti mbele ya macho yake kwa muda, akasema, "Na yeye alikuwa anapima kila siku." Nikatia gia. Gari halikunguruma, halikuruka. Likasogea mbele hatua mbili, kimya kimya, mpaka nikalizuia lisiingie jikoni.

Fundi alituonya. Oili tuliyoimwaga ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ya zamani bado imejificha ndani na sasa imechanganyika na mpya. Baada ya wiki mbili tumwage tena, tujaze tena. Kabla ya hapo mlimani lisipelekwe. Alisema atakuja siku hiyo.

Hakuja. Mama mkwe alisikia sokoni kwamba kulikuwa na msako Mwanga na Ujiji, na wasio na karatasi walipakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Nilikwenda nyuma ya ua nikaangalia chini ya matete. Alama za makatambuga zilikuwa bado zipo, na vipande vya karatasi ya gasketi. Nilimwaga oili ile peke yangu. Ilitoka ya kahawia. Nilijaribu kukumbuka kila neno lake, na pale niliposahau nilisimama mpaka likarudi.

Siku ya kutoka eda, kwetu wanawake humpeleka mjane ziwani alfajiri kuoga. Humpeleka kwa miguu, amefunikwa. Mume wangu alikuwa amenifundisha gari mara mbili, kwenye uwanda wa Bangwe, akicheka kwamba otomatiki haihitaji akili. Nikamwambia mama mkwe tunakwenda kwa gari.

"Kushuka litashuka," akasema. "Hata jiwe linashuka. Kurudi?"

"Kurudi ndiyo nataka kujua."

Akaingia mbele, akashika mlango kwa mikono miwili. Mlangoni mnunuzi alikuwa ameshafika na lori lake, kamba mkononi, pamoja na shemeji. Tukapita katikati yao. Sikugeuza shingo.

Nilioga. Maji yalikuwa ya baridi, na wanawake waliotutangulia wakanimwagia kichwani na kusema yanayosemwa. Nikavaa kanga mpya. Kisha nikakaa kwenye usukani, nywele zinachuruzika, nikatia gia kuelekea mlima.

Mwanzoni lilisita. Nasema kweli, lilisita. Injini ikapandisha sauti, nikaona mkono wa mama mkwe umekaza mlango. Kisha kitu ndani kikakamata, nikakisikia kwenye nyayo, na gari likapanda. Halikupanda haraka. Mwenye baiskeli alitupita. Lakini lilipanda lenyewe, bila kusukumwa, mpaka juu, mpaka mlangoni kwetu.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale. Mnunuzi akanitazama, akatazama gari, akaanza kukunja kamba yake.

"Kafungie mbuzi," mama mkwe akamwambia kupitia dirishani.

Shemeji akazunguka gari lote, akainama akachungulia chini kama vile aliyelisukuma amejificha huko. "Haya," akasema mwishowe. "Linatembea."

"Linatembea, shemeji."

Lilitembea miaka mingine minne. Lilibeba mapipa ya mawese kutoka Mwandiga, na boti zilipoingia tena zimejaa lilibeba watu, na viti nilisugua mwenyewe. Likiwa baridi liliendelea kusita mpaka mwisho, hilo sikulishinda. Fundi nilimuulizia kwa kila aliyetoka kambini. Nilikuwa sina la kuwaelezea isipokuwa makatambuga na kidole kisicho na ukucha, na waliovaa makatambuga walikuwa wengi.

Kila asubuhi pale stendi ya Mwanga nilikuwa nawasha kwanza, naliacha lipate moto, ndipo navuta kijiti injini ikiwa inanguruma. Madereva walinicheka. "Mama mawese, unachoma petroli bure! Zima kwanza ndiyo upime!" Niliwaambia mara moja ukweli wenyewe ulivyo, na nani alinifundisha, na nani hakuufahamu ingawa alikuwa mwangalifu kuliko wao wote. Waliobisha niliwaacha wabishe. Nilipangusa kijiti, nikakirudisha, nikakivuta tena, nikatazama.